Mama wa jirani, mwanawe, na riwaya yako

Dada mmoja wa miaka 27, mkazi wa Nairobi, ameniandikia barua pamoja na mswada wa riwaya yake ya kwanza. Barua ni ndefu. Nimeifupisha bila kugeuza maana:

"Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa na miaka tisa, kijana wa jirani yetu alichomwa moto na umati karibu na steji. Walisema ameiba simu. Mimi nilikuwa nimetumwa maziwa, nikapanda juu ya kreti ya soda nione. Mamake bado yuko mtaani na kila asubuhi nanunua mandazi kwake. Miaka miwili iliyopita alinisimulia siku ile, akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu: sauti ya kwanza iliyopiga kelele za mwizi aliitambua. Ilikuwa ya kaka yake, tumbo moja. Nimeandika riwaya. Msimulizi ni mama mwenyewe, na kijana hana hatia. Rafiki zangu wanasema riwaya ni ubunifu, sina haja ya kumuuliza mtu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari ameisoma akasema haina maadili, nimalizie kwa wauaji kufungwa ndipo msomaji apate funzo. Mimi silali vizuri. Je, nakosea?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jibu, nikwambie nilichofanya na barua yako. Mtaa ulioutaja nimeuondoa, na yule mama hauzi mandazi. Biashara yake nimeibadilisha ili anayesoma hapa asije akaanza kumtafuta. Katika mswada wako barabara ni ile ile, kibanda ni kile kile, hata rangi ya mwavuli wake umeiacha. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Rafiki zako wana ukweli mkononi, tena mkubwa. Tangu enzi za bibi zetu msimulizi akianza huomba ruhusa: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Waliokaa humwitikia, wakijua wanaloliitikia. Wamekubali kudanganywa, na ndiyo sababu hakuna anayeamka asubuhi kumshtaki msimulizi kwamba sungura hasemi. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 33, imeutaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Buni mvua, buni simu, buni watu mia. Kwa hilo usiogope mtu.

Lakini angalia ni nani walioitikia. Ni wasomaji wako. Mama hakuitikia. Siku aliyokusimulia alikuwa amekaa na mtoto wa jirani aliyemwona akikua, akautua mzigo mbele yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huiona kwa sababu kazi yake imemsogeza karibu pale ambapo wengine hawafiki. Kuona kwake hakuifanyi ile aibu kuwa mali yake. Ndiyo maana mtaani watu hawamwiti yeyote tu kuosha. Humwita mtu ambaye mdomo wake wanaujua.

Nami nina deni katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhariri katika kampuni moja ya uchapishaji hapa mjini, nilipitisha riwaya iliyokuwa na mhusika mfanyakazi wa nyumbani. Mwandishi alikuwa amembadilisha jina na mji alikotoka. Ila alimwachia kovu la mafuta ya moto chini ya kiwiko cha kushoto, na ile tabia yake ya kufunga sarafu kwenye pindo la leso kisha kuzihesabu kwa vidole bila kufungua fundo. Sentensi ya kovu na ya leso zilikuwa nzuri kuliko zote kitabuni. Pembeni niliandika kwa penseli: safi sana. Ukurasa wa mwanzo tukachapa kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Kitabu kikafika kwa wanawake wa chama chake. Hakuja kutulaumu, wala hakwenda kwa wakili. Aliacha tu kwenda kwenye chama, na mwandishi alipoenda kumwona alimkuta amevaa sweta ya mikono mirefu mchana wa jua kali. Neno lile la penseli bado linaniuma.

Kwa upande wa sheria niseme machache. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa kosa la jinai, lakini kesi ya madai ya fidia ingalipo, na kinachotazamwa ni kama wanaomjua mtu wangemtambua. Kumbadilisha jina peke yake hakukulindi. Basi. Yule mwanamke wa leso hakuhitaji sheria ili aumie, kwa hiyo sheria tuiache.

Chukua penseli upitie kila alama ya mama halisi iliyomo katika mswada, moja baada ya nyingine: mwavuli, barabara, idadi ya watoto, jino la dhahabu, mwaka wenyewe. Kila moja uiulize kama riwaya itaanguka ukiing'oa. Utashangaa. Nyingi ni mapambo yaliyoingia kwa sababu yalikuwa karibu na macho yako. Zing'oe, na pengo uzibe kwa vitu ulivyobuni mwenyewe. Mswada utapata uhai zaidi, maana utalazimika kumwona mhusika wako badala ya kumnakili jirani. Nguzo ni chache sana, na katika sura ya tatu nguzo uliyosimika ni kaka wa mama.

Hiyo huna ruhusa nayo. Nasema waziwazi kwa sababu naona barua yako inazunguka pale bila kutua. Siri ya namna hii haifichiki kwa kubadilisha majina. Wasomaji elfu watapita bila kujua lolote, ila kuna mtu mmoja ambaye mstari mmoja unamtosha, naye ni huyo kaka. Akishajua kwamba dada yake aliitambua sauti yake, wewe utakuwa kwenye uzinduzi wa kitabu na mama atakuwa naye kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye kila kikao cha ukoo hadi mwisho wa maisha yao. Mwenye kovu usidhani amepoa. Mama amechagua kunyamaza kwa miaka kumi na minane, na sababu zake hukuzisikia zote usiku mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ni zito kuliko yote, na ambalo wala hukuliuliza. Kijana wako hana hatia. Simu alipewa na msichana amtunzie. Msichana akaogopa kusema. Nimejiuliza kwa nini uliamua hivyo, na nadhani ni kwa upendo: ulitaka kumlinda maiti. Lakini rudi ukurasa wa 41 usome jirani anapolia, "Kumbe hakuwa yeye!" Umati mzima unajuta. Unajutia nini? Unajutia kwamba ulikosea mtu. Msomaji naye atafunga kitabu akisikitika kwamba hawakuchunguza vizuri. Maana yake, mwanangu, umati uliochunguza vizuri na kumpata mwizi wa kweli, riwaya yako haina la kuuambia. Tairi na petroli umeviacha salama. Umevionya tu vipate anwani sahihi.

Mfanye awe ameiba. Simu ikutwe mfukoni mwake, ikiita. Na mwenye simu usimfanye tajiri ambaye hatumjali. Awe muuza mitumba wa Gikomba aliyeidunduliza pesa zake kwa miezi, ambaye wateja wake wote, na picha pekee ya marehemu mamake, vimo ndani ya simu hiyo. Tumwonee huruma kwa dhati. Tukasirike pamoja naye. Halafu waache watu waje na tairi, na msomaji atafute mwenyewe pa kuweka miguu yake. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi, kifungu cha 26, na kwamba mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, kifungu cha 50. Maneno hayo usimpe mhusika yeyote ayakariri. Lakini riwaya yako iyapime, na kipimo hakina uzito wowote kama kijana ni malaika.

Utaona itakavyokuwa vigumu zaidi, na hapo ndipo nataka ufike. Mama atalazimika kumpenda mwizi. Je, alijua? Zile raba mpya alizorudi nazo mwezi wa Machi, aliuliza zimetoka wapi? Zile noti alizoacha chini ya sahani, alinunulia nini? Kama alinunulia unga, na unga ukalika nyumba nzima, basi tuna mtu mbele yetu. Mama wa mswada wa sasa analia vizuri katika kila sura, na kwa kweli simjui.

Umati nao umeuonea. Umeandika mbwa mwitu, macho mekundu, meno. Ingekuwa ni mbwa mwitu tungejenga ua tukalala. Aliyeleta tairi, kesho yake alifungua karakana saa moja na nusu akasalimiana na wateja. Kuna aliyerusha jiwe kwa sababu wiki ile ile alikuwa ameporwa mshahara kwenye matatu na hakuna kituo kilichomsaidia. Kuna aliyerusha kwa kuogopa kwamba asiporusha ataulizwa kwa nini. Mpe mmoja wao kurasa tano, uingie ndani ya kichwa chake, umpe sababu zake kwa ukamilifu kama ambavyo angejieleza yeye usiku akiwa macho. Najua unachoogopa, kwamba utakuwa umemsafisha. Hutamsafisha kama hutairuhusu mikono yake itoke kwenye ukurasa. Andika alichowaza, na andika alichoshika.

Halafu majina. Hili naomba ulichukue kwa moyo mkunjufu kwa sababu najua hukukusudia. Mleta petroli umempa jina la jamii moja, mlinzi wa lango la jamii nyingine, mfanyakazi wa nyumbani ya tatu, mwenye ploti ya nne. Na kila mmoja amekaa pale pale ambapo vichekesho vya televisheni vingemkalisha, mpaka na lafudhi. Katika nchi hii jina la mtu hufika kabla yake na kuanza kuongea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100 na zaidi ya 600,000 wakafukuzwa makwao, na mojawapo ya maneno yaliyofanya kazi hiyo lilikuwa neno la kawaida kabisa la nguo chafu: madoadoa. Jirani akageuzwa doa, na doa husuguliwa litoke. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kujifanya hakulisikia neno lile likigeuka.

Sikuambii uondoe makabila. Nairobi isiyo na makabila siijui, na riwaya inayojifanya hayapo inadanganya mahali ambapo hakuna aliyeitikia. Fasihi yetu ina njia yake ya zamani ya majazi: Shaaban Robert alituachia akina Karama, Utubora na Majivuno, ambao majina yao ni tabia zao. Ni njia safi kwa hadithi ya namna ile. Gharama yake ni kwamba mtu aliyeitwa Majivuno hawezi kuamka siku moja akiwa mnyenyekevu, na wewe unahitaji watu wanaoweza kugeuka. Jaribu hivi: badilishana majina. Mwenye ploti achukue la mlinzi, mleta petroli achukue la msimulizi, kisha usome sura nzima kwa sauti. Sentensi yoyote utakayoona haya kuisoma baada ya kubadilisha, ifute, hata ukirudisha majina ya mwanzo.

Kuhusu mwalimu wako, mheshimu. Ndiye aliyekufundisha kuandika sentensi hizi. Amelelewa, kama nilivyolelewa mimi, na vitabu vya kutahiniwa ambapo msichana akitoroka nyumbani ni lazima apate mimba au ugonjwa kabla ya sura ya mwisho, na mtahini huuliza tumejifunza nini. Huo ni uelewa mmoja wa maadili, na umewahi kukosea hadharani. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo yanayompata na anayoyafanya msichana yule. Baadaye kikaja kufundishwa. Hakuna neno lililobadilika ndani yake. Naamini waliokizuia walihesabu matendo ya msichana bila kuangalia ni kwa uchungu kiasi gani yalisimuliwa, na ni nani hasa kitabu kilimnyooshea kidole.

Wewe mwenyewe unaniambia hakuna aliyekamatwa. Ukimalizia na pingu na hukumu, unampa msomaji pumziko ambalo mama hajalipata mpaka leo. Uongo njoo inakuruhusu kubuni mengi, lakini sioni kama inakuruhusu kumwambia msomaji wa Nairobi kwamba jeraha hili limefungwa na askari wakaenda nyumbani. Kama utabuni kesi, ibuni na ubuni pia kwa nini imechukua miaka, faili limepotea wapi, shahidi gani alihamia shamba. Ukitaka iishe bila kesi, iishe bila kesi. Mwalimu wako atakusamehe akiisoma yote.

Sasa ukurasa wa 58. Umeandika: "Moto ulimkumbatia kama bwana harusi aliyekosa subira." Nimekata mstari mzima. Si kwamba tashbihi ni mbaya. Kama ungeiweka juu ya msitu unaowaka ningeiacha. Hapa mtoto wa mtu anakufa, na sentensi inataka nigeuze uso nikutazame wewe nikupongeze. Aya ya harufu inayofuata nimeikata pia. Kisha katika ukurasa wa 60, wakati ambapo nadhani ulikuwa umechoka na umeacha kujaribu, umeandika: "Raba moja ilibaki kando ya mtaro, kamba zake zimefungwa mafundo mawili, kama nilivyomfundisha." Niliweka mswada chini nikatoka nje. Hiyo iache kama ilivyo. Hakuna haja ya moto mwingine wowote.

Ila sentensi hiyo imenionyesha tatizo lingine. Mama hakuwepo pale; ile sauti aliisikia kwa mbali. Katika simulizi lake, kama ulivyolieleza, alifika yote yakiwa yamekwisha. Moto hakuuona, ila wewe ulimvalisha macho na kumpeleka pale, ukamwambia "mimi", ukamfanya atazame mwanawe akiungua kurasa saba. Nimefikiri sana juu ya hilo. Wapo waandishi wanaoweza kuingia katika nafsi ya mtu aliyeumia hivyo na watoke wamemtendea haki, na sitaki kukufungia mlango. Lakini aliyekuwa pale alikuwa msichana wa miaka tisa aliyetumwa maziwa. Alipanda juu ya kreti ya soda ili aone vizuri. Kreti hiyo iko katika barua yako. Katika mswada wa kurasa 212 haimo hata mara moja. Umemfunua jirani, umemfunua kaka yake, umeufunua mtaa mzima, na mtu mmoja tu umemficha.

Ukimfanya msichana huyo kuwa msimulizi, mambo mengi yanajipanga. Hajui siri ya kaka wa mama, kwa hiyo huna haja ya kuitumia. Haijui katiba. Anajua watu wazima waliokuwa pale kwa majina, kwa sababu ndio wanaomtuma dukani. Anajua maziwa yalimwagika au hayakumwagika, na alisema nini nyumbani alipochelewa, na kwa nini siku ya pili alipita njia ile ile kwenda shule. Hayo ni yako. Hakuna unayehitaji kumwomba.

Hata hivyo nenda kwa mama. Nenda kabla ya kumpelekea mchapishaji yeyote, wakati ambapo amemaliza kuuza na hana haraka. Usirekodi kwa simu. Mwambie umeandika kuhusu siku ile, na kama atataka, msomee kwa sauti zile sehemu ambamo mwanawe yumo, pamoja na ile kwamba katika kitabu kijana ameiba. Hiyo itakuwa ngumu kuisoma mbele yake, nawe usiiruke. Akisema siri yake isiguswe, isiguswe kabisa, hata kwa mafumbo. Akisema usiandike chochote, sikiliza, rudi nyumbani, ukae na jambo hilo miezi. Mimi naona ana neno la mwisho juu ya alichokuambia, na hana neno la mwisho juu ya ulichokiona kwa macho yako ukiwa mtoto. Wengine katika kazi hii wangekuambia tofauti, na wanazo hoja. Pesa usimwahidi siku hiyo, ataona umekuja kununua. Lakini kitabu kikianza kukupa mrabaha, usiule peke yako.

Mswada wako nimeuweka kwenye bahasha na alama zote za penseli zimo. Kurasa 41, 58 na 60 nimezikunja pembe. Usinirudishie wote kwa sasa. Niandikie sura moja tu, ya kreti, kuanzia mkono wa aliyekutuma maziwa ulipokupa pesa hadi uliposhuka chini.